Siku ya Kuzaliwa Isiyoandikwa: Tarehe katika Historia ya Muziki wa Unguja

Ikisiri

Makala haya yanafafanua jinsi tarehe za kuzaliwa, kufariki na kurekodi zinavyopatikana, au kukosekana, katika historia ya muziki wa Unguja. Mifano mikuu ni Siti binti Saad, Bi Kidude na Farrokh Bulsara, ambaye ulimwengu unamfahamu kwa jina la Freddie Mercury. Hoja ya makala ni kwamba kalenda ya muziki inayopangwa kwa siku za kuzaliwa huwatukuza wale ambao kuzaliwa kwao kulipitia ofisi ya serikali na huwaacha nje walio wengi. Tarehe za kufariki, kinyume chake, zilihifadhiwa vyema zaidi kwa sababu sheria na ibada zilizihitaji.

Utangulizi

Redio na magazeti mengi ya dunia yana safu fupi inayoeleza mambo yaliyotokea siku kama ya leo. Katika safu za muziki msomaji huelezwa kwamba tarehe fulani alizaliwa mwimbaji fulani, tarehe hiyohiyo mwaka mwingine akafariki mpigaji gitaa, na mwaka mwingine tena kikatoka kibao kilichobadili mkondo wa muziki. Safu ya namna hii inapendwa kwa kuwa ni nyepesi, na humpa hata asiyejua historia kisa cha kusimulia. Lakini ina sharti moja ambalo halitajwi: kila jambo linalotaka kuingia humo lazima liwe na siku na mwezi. Mwaka peke yake hautoshi.

Mtu akijaribu kuitengeneza safu hiyo kwa ajili ya Unguja, sharti hilo hujitokeza mara moja. Tuchukue mfano wa mwalimu wa skuli moja ya Mwanakwerekwe anayetaka kubandika ukutani mwa darasa kalenda ya wanamuziki wa kisiwa, ili kila asubuhi wanafunzi wasome jina la siku. Mwanakwerekwe ni mahali panapofaa kwa mfano huu. Ipo kilomita chache kusini-mashariki ya Mji Mkongwe, katika Wilaya ya Magharibi B, nje ya mitaa ambayo watalii huonyeshwa. Ina soko kubwa, ina skuli, ina mahakama, na ina makaburi ambayo jina la mahali hapo huwakumbusha watu wengi wa mjini. Mwalimu huyo atapata ukurasa wa tarehe 5 Septemba bila taabu. Atapata ukurasa wa 17 Aprili na wa 8 Julai. Baada ya hapo kazi itakuwa ngumu, na ugumu wenyewe una maelezo yake.

Aliyezaliwa hospitali

Tarehe 5 Septemba 1946, siku ya Alhamisi, alizaliwa Farrokh Bulsara katika hospitali ya serikali mjini Unguja. Baba yake, Bomi, alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni katika kazi ya fedha. Wazazi wake walikuwa Waparsi waliotoka Bara Hindi. Mtoto alipelekwa kusoma katika skuli ya bweni ya Panchgani, India, na baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 familia ikahamia Uingereza. Huko ndiko alikojiita Freddie Mercury na kuwa mwimbaji wa kundi la Queen. Wimbo wake mashuhuri kuliko yote, "Bohemian Rhapsody", ulitolewa tarehe 31 Oktoba 1975. Alifariki London tarehe 24 Novemba 1991.

Hakuna msanii mwingine aliyezaliwa Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini ambaye maisha yake yana tarehe nyingi kiasi hiki zinazoweza kuthibitishwa. Hili halitokani na umaarufu wake. Siku aliyozaliwa hakuna aliyejua kwamba angekuwa maarufu. Limetokana na hospitali, na cheo cha baba, na tabia ya jamii ya watumishi wa serikali kuweka hati zao kabatini. Mtoto aliyezaliwa juma hilohilo katika nyumba ya udongo ya Ng'ambo au shambani, mikononi mwa mkunga wa jadi, hakuwa na kabati la namna hiyo.

Jambo moja lafaa kutajwa hapa. Kwa hesabu ya mwezi, Septemba 5 ya mwaka ule iliangukia Mfungo Mosi 1365, kiasi cha juma moja tu baada ya Idi. Kwa Waislamu wa mji ule, ambao ndio waliokuwa wengi, siku hiyo ingetajwa kwa jina hilo. Hospitali iliandika jina lingine la siku, na hilo ndilo lililobaki.

Mwaka 2006 palipangwa Unguja sherehe ya kuadhimisha miaka 60 tangu kuzaliwa kwake. Jumuiya moja ya Kiislamu ikaipinga kwa kuona kwamba maisha ya msanii huyo hayaendani na maadili ya kisiwa, na sherehe ikafutwa. Katika mjadala ule kila upande ulikubali bila kuhoji kwamba siku ipo na inajulikana. Hapakuwa na mjadala kama huo kuhusu siku ya kuzaliwa ya Siti binti Saad, wala usingeweza kuwapo.

Aliyezaliwa Fumba

Shaaban Robert, katika Wasifu wa Siti binti Saad, ameuweka mwaka wa kuzaliwa kwa Siti kuwa 1880, katika kijiji cha Fumba. Jina alilopewa alipozaliwa ni Mtumwa. Wazazi wake walikuwa na asili ya bara, watu wa daraja la chini katika Unguja ya wakati ule, na mtoto alikua akijifunza ufinyanzi na kutembeza vyungu kuviuza. Mwaka 1911 alihamia mjini, na huko ndiko sauti yake ilikompatia jina la Siti. Katika masimulizi yote haya hakuna siku ya kuzaliwa. Shaaban Robert hakuibuni, na kwa hilo wasomi wa leo wana deni kwake, maana baada ya yeye kuacha nafasi tupu ingekuwa rahisi kwa mwingine kuijaza.

Si kweli kwamba siku ile haikujulikana kabisa. Mila za Waislamu wa pwani zinamtaka mzazi ahesabu siku. Siku ya saba mtoto hupewa jina na, kwa mwenye uwezo, hufanyiwa akika. Mama naye huhesabu arubaini yake ya uzazi. Kwa hiyo kwa muda wa siku arubaini nyumba nzima hujua barabara mtoto alizaliwa lini. Baada ya hapo hakuna ibada wala sheria inayoihitaji tena tarehe ile. Kufunga, kuswali na kuolewa kulitazamwa kwa balehe, yaani kwa mwili wa mtu, si kwa karatasi. Siku za kuzaliwa za watu wa kawaida hazikuwa na sherehe. Kuzaliwa kulikoadhimishwa kwa fahari ni kwa Mtume, katika Mfungo Sita. Siku ya kuzaliwa ya Siti, basi, ilihesabiwa ikakamilisha kazi yake, kisha ikaachwa.

Kilichobaki ni kuutia umri katika matukio. Mtu aliulizwa kama alikuwa ameshazaliwa mizinga ya Waingereza ilipopiga kasri la Sultani, nako kulikuwa tarehe 27 Agosti 1896. Au kama alizaliwa kabla ya hadhi ya utumwa kufutwa kisheria, tarehe 6 Aprili 1897. Au kama alikuwa na akili zake meli ya Pegasus ilipozamishwa na Wajerumani bandarini Unguja, tarehe 20 Septemba 1914. Au kama aliwahi kununua kitu kwa rupia, ambayo iliondolewa mwaka 1936 na nafasi yake kuchukuliwa na shilingi. Matukio haya yana tarehe kamili kwa kuwa yaliihusu dola. Maisha ya watu yalining'inizwa humo kama nguo katika kamba: kamba inaonekana vizuri, lakini mahali hasa nguo ilipoanikwa hubadilika kila anayesimulia.

Bi Kidude, jina lake la kuzaliwa Fatuma binti Baraka, ni mfano unaojulikana zaidi. Maandishi mengi yanasema alizaliwa karibu na mwaka 1910. Neno "karibu" hapo lina uzito wote wa sentensi. Alipofariki, vyombo vya habari vilitaja umri uliotofautiana, na baadhi vilimtaja kuwa miongoni mwa waimbaji wazee kuliko wote duniani waliokuwa wakipanda jukwaani. Alikuwa mjuzi wa ngoma za unyago na mwimbaji wa taarabu, na sanaa yake aliihusisha na Siti na wenzake, ambao aliwasikia tangu ujanani. Mwaka 2005 alitunukiwa tuzo ya WOMEX kwa mchango wake katika muziki. Tuzo hiyo ina mwaka. Kuzaliwa kwake hakuna hata mwaka ambao mtu anaweza kuuapia.

Mauti yenye tarehe

Siti binti Saad alifariki tarehe 8 Julai 1950, siku ya Jumamosi. Bi Kidude alifariki tarehe 17 Aprili 2013, siku ya Jumatano, huko Bububu, akazikwa Kitumba siku iliyofuata. Tofauti kati ya mwanzo wa maisha yao na mwisho wake ni kubwa mno kuitwa bahati.

Maelezo rahisi ni kwamba walikufa wakiwa mashuhuri, na mashuhuri huandikwa. Kwa Bi Kidude hilo ni kweli. Mazishi yake yalihudhuriwa na viongozi wakuu wa nchi na yalitangazwa duniani. Lakini maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu hali ni hiyohiyo hata kwa watu wasiojulikana. Katika familia nyingi za Unguja mtu anaweza kutaja siku bibi yake alipofariki, na akakosa la kusema akiulizwa siku bibi huyo alipozaliwa. Ipo sababu ya ndani zaidi, nayo inahusu mambo ambayo mauti huyafungua.

La kwanza ni eda. Mwanamke aliyefiwa na mume hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, na miezi hiyo ni ya mwandamo. Hesabu ikikosewa, mwanamke anaweza kuolewa kabla ya wakati, au kuzuiliwa zaidi ya inavyostahiki. La pili ni mirathi. Kadhi anapogawa urithi haulizi tu kama fulani amekufa. Huuliza amekufa lini na nani alimtangulia. Ndugu wawili wakifariki katika juma moja, aliyebaki hai siku mbili zaidi anaweza kuwa mrithi wa mwenzake, na fungu likahamia kwa watoto wake. Nyumba, mnazi au shamba la mikarafuu limesimama juu ya tarehe hiyo. La tatu ni hitma na arubaini ya maiti, ambazo huwakusanya majirani na kuifanya siku ya kifo kuwa mali ya mtaa, si ya nyumba moja. Hata bila daftari la serikali, tarehe iliyo katika vichwa vya watu hamsini haipotei upesi.

Makaburi yenyewe hayasaidii sana, jambo linaloweza kumshangaza mgeni. Anayezuru Mwanakwerekwe kwa matumaini ya kuokota tarehe katika mawe, kama mtafiti wa Ulaya anavyofanya katika viwanja vya makanisa, atarudi na machache. Kaburi la Mwislamu halihitaji maandishi, na wapo wanaoona kwamba kuyatia ni kujikweza. Mengine yana kibao chenye jina na tarehe, mengi hayana. Tarehe ya kifo katika Unguja ilihifadhiwa kwa eda, kwa kadhi na kwa hitma, kisha kwa hati ya kifo. Jiwe lilikuja nyuma kabisa. Freddie Mercury, mwenye cheti cha kuzaliwa, naye hana kaburi la kuzuriwa: mwili wake ulichomwa London na mahali majivu yalipowekwa hapajatangazwa.

Wimbo mmoja, tarehe tatu

Kuhusu kurekodi, Unguja ina heshima ya kuwa mwanzo. Mwaka 1928 Siti binti Saad alikwenda Bombay pamoja na wenzake, akiwamo Subeti Ambari, Budda Swedi, Mbaruku na Maalim Shaaban, wakarekodi nyimbo nyingi kwa ajili ya kampuni ya Gramophone, ile ya chapa ya mbwa anayesikiliza sauti ya bwana wake. Safari nyingine ya kurekodi ilifuata, na kampuni nyingine, Odeon na Columbia miongoni mwao, zikaona kuwa Kiswahili kina soko. Santuri za Siti zilisikika pwani nzima na hadi bara.

Sasa mwalimu wa Mwanakwerekwe akitaka kuutia wimbo mmoja wa Siti katika kalenda yake, auweke siku gani? Kila wimbo wa santuri una tarehe zisizopungua tatu. Ya kwanza ni siku ulipoimbwa mbele ya pembe ya kunasia sauti au, kufikia mwaka 1928, mbele ya maikrofoni. Ya pili ni siku santuri ilipotolewa kiwandani na kuingia katika orodha ya bidhaa. Ya tatu ni siku sanduku liliposhushwa bandarini na watu wa Unguja wakaisikia kwa mara ya kwanza sauti ya jirani yao ikitoka katika mashine. Kwa msikilizaji hiyo ya tatu ndiyo siku kubwa, na ndiyo ambayo hakuna aliyeiandika.

Lebo ya santuri haina tarehe. Ina jina la mwimbaji, jina la wimbo, lugha, na namba ya orodha. Lakini karibu na lebo, katika sehemu isiyo na mifereji, huchorwa namba nyingine ndogo ambayo mnunuzi hakuitazama. Hiyo ni namba ya kalibu, nayo ilitolewa kwa mfuatano mafundi walipokuwa wakinasa sauti. Kampuni ziliweka daftari zinazooanisha namba hizo na siku za kazi, na hazina ya daftari za Gramophone imetunzwa Hayes, Uingereza. Mtafiti mwenye santuri iliyopasuka, isiyoweza hata kupigwa, anaweza kwa namba hiyo kukaribia siku ambayo Siti alisimama mbele ya maikrofoni. Ni jambo la ajabu kidogo, na la kusikitisha: sauti ya mwanamke ambaye kuzaliwa kwake hakuna karatasi inayokushuhudia ilipewa namba na tarehe ndani ya saa chache, kwa kuwa ilikuwa bidhaa.

Wakati mwingine wimbo hujitia tarehe wenyewe. Siti na wenzake waliimba visa vya mji: kesi, ulaghai, dhuluma za wakubwa. Wimbo wa "Kijiti" unahusu mauaji ya mwanamke mgeni na namna mhalifu alivyoikwepa sheria ilhali wanawake waliokuwa mashahidi ndio walioadhibiwa. Mwanahistoria Laura Fair ameutumia wimbo huo, pamoja na masimulizi ya wazee, kueleza jinsi watu wa Ng'ambo walivyozitazama mahakama za kikoloni. Wimbo wa aina hii hauwezi kutangulia kisa chake wala kuja baada ya siku ya kurekodiwa, hivyo hufungwa kati ya ncha mbili. Nyimbo za mapenzi hazina ncha ya kwanza. Zingeweza kutungwa mwaka uleule au miaka ishirini kabla, na mara nyingi mtunzi wake hatajwi.

Santuri ilibana pia urefu. Upande mmoja ulichukua dakika tatu hivi, ilhali barazani wimbo wa taarabu ungeweza kuimbwa na kurudiwa mpaka watunzaji watosheke. Kwa hiyo kinachopatikana katika daftari si tarehe ya wimbo kama watu wa Unguja walivyoujua, bali tarehe ya kipande chake.

Redio ilikuja baadaye. Sauti ya Unguja ilianza matangazo mwaka 1951, mwaka mmoja baada ya Siti kufariki, na kwa hiyo kanda za redio hazikuwahi kumnasa. Wale waliomfuata walikuwa na bahati zaidi, ingawa tarehe za kanda hutegemea uangalifu wa fundi aliyeandika juu ya kasha. Katika mwaka 1988 wageni kutoka Ulaya walirekodi Unguja vikundi na waimbaji wa taarabu, na santuri zao zikauzwa nje kwa jina la muziki wa Zanzibar. Baada ya hapo mambo yamekuwa mepesi: kila kitu kina mwaka, na mara nyingi kina mwezi.

Vikundi navyo vina tabia yao. Ikhwani Safaa huhesabu umri wake kutoka mwaka 1905, na mwaka 2005 uliadhimishwa kama karne moja ya klabu. Culture Musical Club huanzia mwaka 1958. Wote hutaja mwaka. Klabu huzaliwa pole pole: watu hukutana kuzungumza, mmoja huleta udi, mwingine fidla, na siku moja mtu husema tuwe na jina. Anayeidai klabu siku ya kuzaliwa anadai kitu ambacho hata waanzilishi wasingekubaliana.

Siku zinazofunikana

Kalenda ya siku ina tatizo jingine ambalo wanaoitunga huligundua mapema. Mbaraka Mwinshehe, mwanamuziki wa Morogoro aliyependwa Tanzania nzima na Kenya, alifariki kwa ajali ya gari karibu na Mombasa tarehe 12 Januari 1979. Unguja tarehe hiyo ni ya Mapinduzi. Gwaride, hotuba na nyimbo za siku hiyo huijaza redio tangu asubuhi, na mwanamuziki wa bara aliyefia Kenya hana mlango wa kupitia. Angefariki wiki moja kabla au baada, huenda angekumbukwa Unguja kila mwaka. Tarehe, basi, si chombo tu cha kupangia kumbukumbu; wakati mwingine huizima. Katikati ya Aprili nako kuna msongamano: Muhidin Gurumo, mwimbaji mkongwe wa muziki wa dansi, alifariki tarehe 13 Aprili 2014, siku nne tu kabla ya kutimia mwaka wa kifo cha Bi Kidude.

Njia za kujaza nafasi tupu

Iko njia fupi inayotumiwa mara kwa mara, nayo ni kumpa asiye na siku tarehe 1 Januari au 1 Julai. Hati nyingi za watu wazima wa Afrika Mashariki zimejazwa hivyo, kwa sababu fomu haikubali nafasi tupu. Katika pasipoti jambo hilo lina udhuru. Katika kalenda ya historia halina. Siti akiwekwa 1 Januari 1880, baada ya miaka michache tarehe hiyo itanukuliwa na wengine, kisha itasherehekewa, na kazi ya uangalifu ya Shaaban Robert itakuwa imefutwa na mtu aliyetaka tu kusawazisha safu zake.

Njia ya pili ni kupanga kalenda kwa vifo na kwa rekodi, na kuziacha siku za kuzaliwa kwa wale wenye nazo. Hii ni ya haki zaidi kwa Unguja. Inaanzia mahali ambapo jamii yenyewe iliweka uangalifu wake, na haimlazimishi marehemu kuwa na kitu ambacho hakuwahi kukihitaji. Ina kasoro yake: mwanafunzi wa darasa la kwanza la sekondari atasoma kila asubuhi kwamba leo amekufa fulani, na anaweza kudhani muziki wa kisiwa chake ni jambo la makaburini. Kasoro hiyo hupungua rekodi zikipewa nafasi kubwa na tarehe zake zikitajwa kwa kiwango zinavyojulikana, kama ni siku, au mwaka, au "kabla ya rupia kuondolewa". Hakuna ubaya wowote ukurasa wa ukutani kuwa na maneno hayo ya mwisho. Mtoto atauliza rupia ni nini, na mwalimu atakuwa na somo.

Jambo linalobaki ni la hesabu mbili za mwaka. Kusini mwa Unguja ipo hata ya tatu, ya mwaka wa Nairuzi unaoogwa Makunduchi kila Julai, ambao wakulima na mabaharia waliugawa kwa miongo ya siku kumi kumi. Lakini kwa mambo ya vifo hesabu inayohusika ni ya mwandamo. Kifo cha Bi Kidude kwa hesabu hiyo kilikuwa mwanzoni mwa Mfungo Tisa 1434. Cha Siti kilikuwa katika kumi la mwisho la Ramadhani 1369, takriban tarehe 22, wakati ambapo misikiti ya Unguja hujaa usiku na ngoma na taarabu hunyamaza. Vitabu vinavyoandika 8 Julai havilitaji hilo. Anayesoma tarehe hiyo leo hafikirii kwamba mwimbaji mkubwa kuliko wote wa kisiwa alifariki katika mwezi ambao kisiwa hakiimbi, na kwamba waliomzika walikuwa wamefunga.

Mwaka wa mwandamo ni mfupi kwa siku kama kumi na moja, hivyo kumbukumbu mbili za Siti huachana kila mwaka na kukutana tena baada ya miaka thelathini na miwili au thelathini na mitatu. Mwaka 2013 Ramadhani ilianza siku chache tu baada ya 8 Julai kupita, na tarehe 22 ya mwezi huo ikaangukia mwisho wa Julai. Mwaka 2015 zilikaribiana tena: 22 Ramadhani 1436 iliangukia 9 Julai, siku moja baada ya ile iliyomo vitabuni.